Ugonjwa wa PCOS katika familia zetu: namna ya kuishi nao na kumsindikiza anayeugua



Katika parokia zetu nyingi mwanamke aliyeolewa hupoteza jina lake kwa furaha. Mtoto wake wa kwanza anapozaliwa, jumuiya nzima huanza kumwita Mama Neema au Mama Yohane, na jina alilopewa yeye mwenyewe siku ya ubatizo hubaki kwenye cheti tu. Ni desturi njema, nasi hatuilaumu. Lakini yuko dada anayeketi kwenye benchi lilelile, aliyefunga ndoa mwaka uleule, ambaye watu hawajui wamwiteje. Wengine humwita mke wa fulani, wengine huepuka kumwita kabisa. Ndani ya mkoba wake imo karatasi ya hospitali yenye herufi nne, PCOS, na hajamwonesha mtu yeyote, hata wasimamizi wake wa ndoa.

Makala haya tunayaandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wote wanaoketi karibu naye. Ugonjwa huu ni wa mwanamke mzima, si wa tumbo lake la uzazi peke yake. Huanza mara nyingi katika ujana, hugusa ngozi, sukari ya damu, moyo na hata furaha ya nafsi, tena hudumu baada ya miaka ya kuzaa kupita. Anayengoja mpaka mtoto akosekane ndipo aende kumwona daktari amekwisha kupoteza miaka mingi ambayo angeweza kuishi vizuri zaidi. Na wengi wanangoja, kwa sababu wanaogopa maneno ya watu, na kwa sababu wapo pia wanaodhani kwamba Kanisa limewafungia mlango wa tiba.

Jina linalopotosha

Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walieleza habari za wanawake saba ambao hedhi yao ilikuwa imevurugika, na ambao mifuko yao ya mayai, yaani ovari, ilikuwa imekua kupita kiasi na kujaa vijifuko vidogovidogo. Kutokana na picha hiyo ugonjwa ukapata jina la ovari zenye vivimbe vingi, nalo jina hilo limetia hofu mioyoni mwa wanawake wengi tangu wakati huo. Dada hutoka kwenye chumba cha ultrasaundi akiamini kwamba ana uvimbe unaohitaji kukatwa, au kwamba ameanza saratani.

Vile vinavyoonekana kwenye picha si uvimbe. Ni vijifuko vinavyobeba mayai machanga, na kila mwanamke anavyo. Kwa kawaida, katika kila mzunguko kijifuko kimoja huwatangulia wenzake, hukua, hupasuka na kuachia yai lililopevuka. Kwa mwenye PCOS vingi huanza safari pamoja, kisha hukwama njiani vyote. Yai lisipopevuka hedhi huchelewa, huruka miezi, au huja bila mpango na kwa wingi wa kutisha.

Ni nini kinachovikwamisha? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mwili wa kila mwanamke hutengeneza kiasi kidogo cha homoni ziitwazo androjeni, ambazo wanaume wanazo kwa wingi. Kwa mwenye PCOS kiasi hicho huzidi. Mara nyingi nyuma ya ziada hiyo ipo homoni nyingine, insulini, inayotoka kwenye kongosho na kuifungulia sukari mlango wa kuingia ndani ya seli za mwili. Kwa wengi wenye ugonjwa huu milango hiyo imekuwa mizito kufunguka, kwa hiyo kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kazi ifanyike. Insulini hiyo ya ziada ikifika kwenye ovari, huzichochea kutengeneza androjeni, nazo androjeni huzuia mayai kupevuka. Androjeni hizohizo huleta chunusi zisizoisha, ndevu na nywele kifuani, na kupungua kwa nywele utosini. Dalili ambazo mtu aliziona kama mikosi mbalimbali, moja usoni, nyingine kwenye mizani, nyingine kwenye kalenda, kumbe zina mzizi mmoja.

Ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Mama au shangazi aliyekuwa akipata hedhi mara nne kwa mwaka, au ndugu mwenye kisukari, ni habari ambayo daktari atapenda kuisikia. Hauletwi na mimba iliyotoka wala dhambi ya ujana, na mkwe aliyekasirika hana uwezo wa kuuleta. Wanafunzi wa Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye Yesu aliwakatalia swali lenyewe. Tunashangaa kwamba baada ya karne ishirini swali hilo bado linaulizwa nyuma ya mwanamke asiye na mtoto, tena na watu waliotoka kusali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wanao ugonjwa huu, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wanaougua hawajatambuliwa. Chukua kwaya yenye wasichana na akina mama 40: wanne au watano huenda wanao, na walio wengi kati yao hawajui.

Binti anapochelewa

Tangu mwaka 2003, kufuatia mkutano wa wataalamu uliofanyika Rotterdam, madaktari hutafuta mambo matatu kwa mwanamke mtu mzima: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za androjeni kuzidi, zikionekana mwilini au kwenye kipimo cha damu, na ovari zenye vijifuko vingi kwenye ultrasaundi. Mawili kati ya hayo yakiwapo, na magonjwa mengine yanayofanana nayo yakiisha kuondolewa, hasa ya tezi ya shingoni, jina la PCOS hutolewa. Ina maana kwamba mwanamke anaweza kuwa na ugonjwa huu ilhali picha yake ni safi. Ina maana pia kwamba picha peke yake haitoshi kumpa mtu ugonjwa.

Hilo la pili tunalisisitiza kwa ajili ya mabinti. Ovari za msichana zina vijifuko vingi kwa asili, na ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa hauruhusu ultrasaundi itumike kuthibitisha PCOS kabla ya miaka minane kupita tangu hedhi ya kwanza. Mzunguko kuyumba katika mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida. Lakini miaka mitatu ikiisha kupita tangu avunje ungo, na binti akawa bado anakaa zaidi ya siku 35 kati ya hedhi moja na nyingine, au akipata chini ya mara nane kwa mwaka, mama asimwambie kwamba akiolewa itakwisha. Ampeleke hospitali.

Ipo dalili moja ambayo wazazi huielewa vibaya kuliko zote. Ngozi ya shingo kwa nyuma, kwapani au kwenye mikunjo ya mwili hugeuka nyeusi na nene kama mahameli. Binti husuguliwa kwa dodoki na kugombezwa kwamba haogi vizuri. Uchafu huo hautoki kwa sabuni kwa sababu si uchafu; ni insulini iliyozidi inayojionesha kwenye ngozi. Vilevile msichana anayeota ndevu hunyoa kwa siri alfajiri, akiwa amesikia kwamba kunyoa kutazifanya ziwe nzito. Si kweli, kunyoa hakuongezi nywele. Kinachoongezeka ni upweke wake, hasa bwenini anakooga pamoja na wenzake.

Sahani, miguu na kalenda

Mlo mmoja mahsusi wa PCOS haupo, na anayeuza orodha ya vyakula vya PCOS anauza karatasi. Kinachofaa ni kula chakula chetu kwa vipimo vingine. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na mboga nyingine; robo iwe maharage, dagaa, samaki, mayai au nyama kidogo; robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi. Dona, ulezi na mtama hupandisha sukari polepole kuliko sembe iliyokobolewa. Vitu vinavyoumiza zaidi ni vile tunavyovinywa bila kuvihesabu: chai yenye vijiko vinne vya sukari, juisi za pakiti, soda. Hapa tunajitazama sisi wenyewe, kwa maana hatujui kusherehekea Kipaimara, harusi wala somo wa jumuiya bila kreti za soda, na anayeomba maji huonekana anajidai.

Kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua kidogo tu huleta mabadiliko. Anayepima kilo 80 si lazima arudi kuwa kama alivyokuwa shuleni. Kupungua kilo 4 hadi 8, yaani asilimia 5 hadi 10, kumewarudishia wanawake wengi hedhi yao. Na ifahamike kwamba wapo wembamba wenye PCOS, na kwamba ugonjwa wenyewe hufanya uzito uwe mgumu kushuka. Kumwambia mtu kwamba ananenepa kwa sababu ya starehe ni kumdhulumu.

Mwili unaotembea hutumia insulini vizuri zaidi, hata pale mizani isiposogea. Dakika 150 kwa juma zinatosha, yaani nusu saa ya mwendo wa haraka kwa siku tano. Mama anayelima kwa jembe na kuchota maji amekwisha kutimiza zaidi ya hapo. Anayepaswa kujiuliza ni yule anayeketi ofisini au dukani kutwa na kupanda bodaboda kwenda kwenye kigango kilicho umbali wa nusu saa kwa miguu.

Kalenda ndiyo inayosahauliwa. Hedhi isipokuja, wengine hushukuru kwa kuondokewa na usumbufu. Lakini wakati huo ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa bila kumwagwa, na ukiachwa hivyo miaka mingi unaweza kuingia saratani. Mwanamke asiye mjamzito aliyekaa zaidi ya siku 90 bila hedhi aende hospitali, awe anatafuta mtoto au la, awe ameolewa, mjane au mtawa. Naam, hata mtawa. Masista nao wana ovari, na wakati mwingine ndio wa mwisho kupelekwa kupimwa, kwa kuwa hakuna anayewauliza habari za uzazi.

Sukari ya damu ipimwe ugonjwa unapogundulika, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kadiri ya ushauri wa daktari. Shinikizo la damu lipimwe kila mwaka. Mwenye PCOS akipata mimba awaambie wahudumu wa kliniki mapema, kwa kuwa kisukari cha mimba na shinikizo la damu humnyemelea zaidi kuliko mwenzake. Huzuni nzito na wasiwasi pia huwapata zaidi wenye ugonjwa huu, na mwongozo wa kimataifa unawataka madaktari waulizie hali hiyo. Anayelia usiku asiambiwe imani yake ni haba. Asali, na amwone mshauri au daktari; mambo hayo mawili hayagombani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutambua kwamba dawa zimeumbwa na Bwana kutoka katika ardhi, na katika sura hiyohiyo anamwagiza mgonjwa asali.

Lakini si kila kinachotoka ardhini ni dawa. Chupa zinazouzwa mitaani na kwenye simu kwa jina la kusafisha kizazi hazifungui milango ya insulini. Mfuko wa uzazi wa mwenye PCOS hauna uchafu wa kusafishwa. Mama mmoja wa Injili alivuja damu miaka 12 na kumaliza mali yake yote kwa waganga, hali ikazidi kuwa mbaya. Tungependa dada zetu wasiifuate njia yake katika sehemu hiyo ya kwanza.

Vidonge na dhamiri

Tunafika kwenye jambo linalowasumbua Wakatoliki wengi kimyakimya. Daktari anaandika vidonge vilevile vinavyotolewa kwa uzazi wa mpango. Dada anavipokea, anafika nyumbani, anavificha. Au anavitupa na kurudi kwenye siku 120 bila hedhi, akidhani amemtii Mungu. Mwingine anavimeza na kuacha kukomunika bila kumwuliza padre yeyote.

Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, ule ule unaokataa njia zisizo za asili za kuzuia uzazi, aliweka wazi katika namba ya 15 kwamba Kanisa halioni kuwa ni haramu kutumia tiba inayohitajika kuponya magonjwa ya mwili, hata kama inajulikana tangu awali kwamba italeta kizuizi cha kupata mimba, mradi kizuizi hicho kisiwe ndicho kinachokusudiwa. Vidonge vinavyotumiwa kupunguza androjeni na kuulinda mfuko wa uzazi ni tiba. Binti wa miaka 19 anayevimeza kwa agizo la daktari hatendi dhambi, na mama yake hana sababu ya kumpekua begi kwa machozi.

Pamoja na hayo, ni haki yake kuuliza. Vidonge hivyo hupanga damu na kupunguza chunusi na nywele, lakini haviondoi mzizi, na havimfai kila mtu. Mwenye shinikizo la damu au kipandauso, kwa mfano, amweleze daktari kwanza. Zipo njia nyingine. Dawa ya jamii ya projestojeni ikitumiwa kwa siku 10 hadi 14 kila baada ya miezi michache inaweza kuumwaga ukuta ulionenepa. Metformini, dawa ya bei nafuu inayojulikana sana na wenye kisukari, husaidia mwili kuitii insulini. Kwa walio katika ndoa, ambao nia na matokeo vinaweza kuchanganyika katika maisha ya kila siku, mazungumzo na padre muungamishi ni msaada, si mahakama. Tunachokiomba ni kwamba mtu asiache dawa peke yake gizani. Arudi kwa daktari na kusema: mimi ni Mkatoliki, nieleze kuna njia gani nyingine. Hilo ni swali la heshima, na daktari mwema hulijibu.

Neno kwa wanaofuata mpango wa uzazi kwa njia ya asili. Kwa mwenye PCOS hesabu ya siku kwa kalenda haifai kabisa, kwa kuwa yai linaweza kupevuka siku asiyoitazamia, na wengi waliojidhania hawawezi kushika mimba wameshangazwa hivyo. Njia ya kuchunguza ute, iliyoanzishwa na John Billings huko Melbourne na kuendelezwa naye pamoja na mkewe Evelyn, inaweza kutumika, ila inahitaji mwalimu aliyefunzwa, maana siku za ute huwa nyingi na za kupotosha. Faida yake ya ziada ni kwamba chati ya miezi sita ikiwekwa mezani humwambia daktari mengi kuliko kumbukumbu.

Mtoto anapochelewa

Walio wengi wenye PCOS hupata watoto, wengine bila tiba yoyote na wengine kwa msaada wa dawa za kupevusha yai. Dawa inayopendekezwa kwanza siku hizi ni letrozole. Tunaitaja kwa jina kwa sababu mtu akisoma maelezo ndani ya kasha atakuta habari za saratani ya matiti na atadhani amepewa dawa isiyo yake. Ilitengenezwa kwa saratani hiyo, lakini hutumika pia kuzichochea ovari zilizokwama. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 750 wenye PCOS, waliotumia letrozole walijifungua kwa kiwango cha 27.5 katika kila 100, wakati waliotumia clomiphene, dawa ya zamani zaidi, walikuwa 19.1. Dawa hizi hutolewa chini ya uangalizi; si za kununua duka la dawa kwa ushauri wa jirani.

Kabla ya hapo mume naye apimwe. Tumesikia mara nyingi habari za mke aliyezungushwa hospitali tatu, akanyweshwa na dawa za mizizi, huku mume akikataa kipimo kimoja kwa kuwa yeye ni mwanaume. Ugumba hauna jinsia, na pengine tatizo liko kwa wote wawili. Ipo namna ya kuchukua kipimo hicho inayoheshimu tendo la ndoa, na wanandoa wasione haya kumwuliza paroko au daktari anayefahamu maadili ya Kanisa.

Mama Kanisa anaunga mkono utafiti na tiba inayopunguza ugumba. Katekisimu inasema hivyo katika namba ya 2375. Mpaka wake uliwekwa wazi na hati ya Donum Vitae, iliyotolewa mwaka 1987: tiba inayolisaidia tendo la ndoa lifikie lengo lake inakubalika, ile inayoondoa tendo hilo na kuweka maabara mahali pake haikubaliki, wala ile inayoleta mbegu au yai la mtu wa tatu katika ndoa. Dawa ya kupevusha yai iko upande wa kwanza. Kutungisha mimba nje ya mwili kuko upande wa pili. Tunajua kwamba fundisho hili ni zito kwa waliokwisha kungoja miaka kumi, wala hatulitamki kwa wepesi. Na mtoto aliyezaliwa kwa njia hiyo ni mtoto wa Mungu kamili; asinyooshewe kidole na yeyote katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza.

Wengine watatembea njia yote na mtoto asije. Kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili ya ndugu zao, tunakumbusha Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084: ugumba hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Kikao cha ukoo hakiwezi kuivunja ndoa takatifu kwa sababu hiyo, kudai mahari irudi hakuivunji, na mke mdogo anayeletwa kimyakimya ili alete uzao ni uzinzi, hata kama wazee wamebariki. Elkana alimwona Hana akilia na kukataa chakula, akamwuliza kama yeye mwenyewe hakuwa bora kwake kuliko wana kumi. Wafafanuzi wengine humlaumu kwamba hakuyaelewa machozi ya mkewe. Sisi tunaona walau alikuwa upande wake mezani, mbele ya Penina. Na Eli, kuhani, alipomwona Hana akisali kwa midomo bila sauti alidhani amelewa. Hilo tunawaachia mapadre wenzetu na makatekista walitafakari.

Katika jumuiya

Msaada wa jumuiya huanza na ulimi. Swali la lini mtatuletea mjukuu, linaloulizwa kwa kicheko mlangoni mwa kanisa, huchoma kuliko anayeuliza anavyojua. Dominika ya pili ya Mei, tunapowaita akina mama mbele wapokee baraka na ua, yuko anayebaki kwenye benchi akitafuta kitu kwenye mkoba. Paroko anaweza kuwaita wanawake wote kwa baraka moja. Viongozi wa WAWATA wanaweza kumwalika daktari au mkunga Mkatoliki aje kuzungumza, na wawaalike mabinti pia. Katika semina za wachumba jambo hili litajwe kabla ya ndoa, si baada ya miaka mitano ya kimya.

Tusimtangazie mtu ugonjwa wake kwa kisingizio cha kumwombea. Akitaka sala ya jumuiya ataisema mwenyewe; asipotaka, aombewe nyumbani. Wala tusimharakishe kuhusu kuasili mtoto, kana kwamba ni dawa ya kumnyamazisha. Kuasili ni wito mzuri wa ndoa nyingi, nchini kwetu unaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na anayeusikia ndani yake aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Lakini mtoto huyo anapokelewa kwa ajili yake mwenyewe.

Kwa dada mwenye ile karatasi mkobani, au asiye na karatasi bado ila amejitambua katika haya, tunapendekeza safari ya kwanza iwe hivi. Andika kwenye daftari tarehe za hedhi zote unazokumbuka za mwaka huu. Andika ni nani katika ukoo ana kisukari au alipata shida kama yako. Andika kila dawa unayotumia, hata zile za chupa. Daktari amekwisha kuyasikia hayo yote. Nenda kituo cha afya au hospitali iliyo karibu ukiomba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, na uende asubuhi kabla ya kula, maana huenda wakataka kupima sukari. Kama umeolewa, mume wako akae nawe chumbani daktari anapoeleza, ili jioni maneno ya kuwaambia ndugu yawe yamejulikana na wawili.